Kusoma mlango wa nakshi wa pwani: tarehe, maandishi, na maana za michoro yake

Anayetembezwa Mji Mkongwe wa Unguja husikia maelezo yale yale kila mlango: samaki ni uzazi, mnyororo ni utumwa, mitende ni neema, misumari iliwekwa kuzuia tembo. Baadhi ya maelezo haya yana msingi mzuri, baadhi hayana kabisa, na mengi yananing'inia katikati. Bahati nzuri mlango wenyewe una mengi ya kusema ukijua pa kuanzia. Utaratibu unaofaa ni huu: tarehe kwanza, kisha maandishi, kisha umbo na kazi ya fundi, na maana ya michoro iwe ya mwisho. Anayeanza na maana hujikuta anaulazimisha mlango useme alichokwisha kukisikia.

Utaratibu huu unafaa kwa milango ya Unguja, Lamu, Mombasa, Pangani, Bagamoyo na Kilwa. Milango hii ni ya watu wanaoishi nyuma yake, kwa hiyo piga hodi, amkia, eleza unachotaka, na usielekeze kamera ndani ya nyumba hata mlango ukiwa wazi. Mzee aliyekaa barazani akikwambia mlango uliletwa kutoka nyumba nyingine, andika maneno yake kama alivyoyasema. Huenda ndiyo taarifa muhimu kuliko zote utakazozipata siku hiyo.

Vya kubeba, na wakati wa kwenda

Chukua tochi yenye mwanga mkali, tepu ya kupimia, rula ya sentimita 30 ya kuweka ndani ya picha, daftari, penseli na simu yenye kamera nzuri. Vichochoro vingi vya Mji Mkongwe ni vyembamba na jua huvifikia kwa muda mfupi tu adhuhuri, tena kutoka juu. Mwanga wa namna hiyo hufuta nakshi. Tochi ndiyo itakayokusaidia: ishike ubavuni, karibu kugusa ubao, ili mwanga upite juu ya mchongo kwa mshazari. Herufi ambazo hazikuonekana kabisa zitatoa vivuli. Piga picha mbili za sehemu ile ile, moja tochi ikiwa kulia na nyingine ikiwa kushoto, maana mstari unaopotea katika picha moja hutokea katika nyingine.

Usipake chaki wala unga ndani ya herufi ili zionekane. Chembe zake hukaa kwenye nyufa, hunyonya unyevu, na wa pili atakayekuja atashindwa kutofautisha mchongo na uchafu. Kukwangua rangi kwa kisu ni kosa baya zaidi, kwa sababu nukta za herufi na sifuri za tarehe ndizo huondoka kwanza.

Sehemu za mlango

Milango ya kale ina fremu nzito na mbawa mbili zinazofunguka kwa ndani. Juu kuna kizingiti cha juu, ambacho ndicho chenye nakshi nyingi kuliko sehemu nyingine, na mara nyingi juu yake pana ubao mwingine mpana wenye maandishi. Pande mbili ni miimo. Chini ni kizingiti cha kuvukia. Katikati, pale mbawa zinapokutana, kuna mti mwembamba wenye nakshi uitwao mfaa.

Mfaa una kazi. Umepigiliwa kwenye ubawa mmoja, upande wa nje, na unafunika ukingo wa ubawa wa pili. Kwa sababu mlango hufunguka kwa ndani, ubawa usio na mfaa ndio hutangulia kufunguliwa na ndio hufungwa mwisho. Ukiona mlango ambao ubawa wenye mfaa unafunguka peke yake wakati mwenzake umefungwa, ujue mfaa umehamishwa, au mbawa zimebadilishwa bawaba na sasa zinafungukia nje.

Mbawa za kale hazikutumia bawaba za chuma. Kila ubawa ulikuwa na kigingi juu na chini kilichozunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Kigingi cha chini hulika kwa uzito na unyevu, ubawa ukashuka na kuanza kukwaruza kizingiti kwa mchoro wa nusu duara. Alama hiyo ya nusu duara inaonyesha kwamba ubawa na fremu vimeishi pamoja muda mrefu. Kwa nje kuna riza, mnyororo wa chuma unaopita kwenye tumbuu na kutiwa kufuli. Kwa ndani kuna komeo au pingo.

Tarehe

Tafuta katikati ya kizingiti cha juu, ndani ya duara au ua kubwa, au mwisho wa mstari wa maandishi upande wa kushoto, kwa kuwa maandishi ya Kiarabu huanzia kulia. Tarakimu ni hizi, kuanzia sifuri hadi tisa:

٠ ١ ٢ ٣ ٤ ٥ ٦ ٧ ٨ ٩

Namba zenyewe husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama tunavyozisoma zetu. Makosa ya wasomaji ni yale yale kila mara. Sifuri ni nukta, na duara ni tano. Sita inafanana na saba yetu. Mbili na tatu hutofautiana kwa jino moja tu, na jino hilo hujaa rangi. Ukiona namba ya tarakimu mbili tu, kwa mfano ١٣, mulika vizuri kulia kwake: yaelekea nukta mbili zimezibwa na rangi, na mwaka ni ١٣٠٠, yaani 1300.

Mwaka wa hijria, yaani wa Kiislamu, ni mfupi kuliko wa miladia, yaani wa kalenda ya kawaida, kwa siku 10 au 11, kwa hiyo huwezi kuongeza 622 ukaishia hapo. Gawanya mwaka wa hijria kwa 33, toa jibu hilo katika mwaka wenyewe, kisha ongeza 622. Chukua ١٣٠٤: 1304 ukigawa kwa 33 ni 39.5, 1304 ukitoa 39.5 ni 1264.5, ongeza 622 upate 1886.5. Mwaka 1304 ulianza mwishoni mwa Septemba 1886, hivyo andika "1304 (1886/87)". Hesabu hii inaweza kupishana kwa mwaka mmoja, ndiyo maana huandikwa miaka miwili. Kama kuna jina la mwezi, tumia jedwali la kubadilisha tarehe upate mwaka kamili.

Kisha jiulize kama ni hijria kweli. Mwaka wa hijria haujafika 1500 mpaka leo, kwa hiyo namba kama 1875 haiwezi kuwa hijria. Lakini usikimbilie kuiita miladia. Wahindu wa Gujarati, magharibi mwa India, waliohamia pwani walikuwa na kalenda yao ya Vikram Samvat, iliyotangulia miladia kwa miaka 56 au 57, na huiandika kwa tarakimu za Kigujarati. Mlango ulioandikwa ૧૯૪૩, yaani 1943, unaweza kuwa wa 1886 au 1887. Mtu akiuchukulia kuwa wa miladia ameufanya mdogo kwa zaidi ya nusu karne. Tazama umbo la tarakimu kabla ya kupiga hesabu.

Inafaa pia kujua kwamba tarehe si lazima iwe tarakimu. Maandishi ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yameandika mwaka kwa maneno: 500 hijria, sawa na 1107. Usipoona namba, tafuta neno "sana", yaani mwaka, na usome kinachofuata.

Maandishi

Hapa ndipo mlango unaposema kwa sauti yake, na inasikitisha kwamba watu wengi hupita wakitazama samaki. Mchonga mlango aliweza kuacha mchoro bila maelezo, lakini aya iliyochongwa ina maana ambayo kila msomaji wa zama zile aliijua.

Ugumu ni mwandiko. Maneno hupandana ili kujaza nafasi, nukta nyingi huachwa, na mstari mmoja mara nyingi husomwa kutoka chini kwenda juu. Usianze kwa kusoma herufi moja moja. Tafuta kwanza neno "Allah", ambalo alifu na lamu zake mbili husimama wima na mara nyingi limewekwa juu kabisa kwa heshima. Tafuta Bismillahi upande wa kulia. Halafu linganisha kilichobaki na aya zinazotumiwa sana milangoni, maana ni chache:

"Hadha min fadhli Rabbi", yaani "Hii ni katika fadhila za Mola wangu", imo katika sura ya An-Naml, aya ya 40. Ni maneno ya Nabii Suleiman alipokiona kiti cha enzi cha malkia wa Saba kimewekwa mbele yake. Wanaoiona juu ya nyumba kubwa huichukulia kuwa ni kujivunia mali. Aya yenyewe inaendelea: "ili anijaribu nitashukuru au nitakufuru." Mwenye nyumba aliyeichagua alikuwa anakiri mbele ya kila anayepita kwamba jumba lile ni mtihani, na aliyesoma madrasa angeimalizia aya mwenyewe moyoni.

"Udkhuluha bisalamin aminin", "Ingieni kwa salama na amani", ni ya Al-Hijr, aya ya 46. Ni salamu wanayopewa watu wa peponi, hapa ikihamishiwa kwa mgeni wa nyumba. "Nasrun mina Llahi wa fat-hun qarib" ni ya As-Saff, aya ya 13, na inazungumzia nusura na ushindi ulio karibu. "Inna fatahna laka fat-han mubina" ndiyo aya ya kwanza ya Al-Fat-h. Katika hizi mbili neno linalomaanisha ushindi lina asili moja na kufungua, ndiyo sababu zinapendwa milangoni. "Masha Allah, la quwwata illa billah", kutoka Al-Kahf, aya ya 39, ni kinga ya kijicho.

Baada ya aya huja majina, pale yanapokuwepo. Neno "malik" au "sahib" hutangulia jina la mwenye nyumba. "Amal" au "sana'a" hutangulia jina la fundi. Kuchanganya haya mawili kumewapa mafundi majumba ambayo hawakuyamiliki. Mafundi wengine walikuwa waandishi wa hati pia, na mkono wao hujulikana kwa usawa wa herufi. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchonga milango kwa pamoja. Kinyume chake, ukikuta herufi zilizogeuzwa au neno lililokatwa katikati, yaelekea fundi alinakili kielelezo asichoweza kukisoma. Andika kosa kama lilivyo, usilisahihishe.

Umbo na kazi ya fundi

Wengi wanaamini nakshi za milango zililetwa na Waarabu wa Oman. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu Kilwa kwa nyumba zake za mawe na milango yake ya mbao iliyochongwa vizuri. Hiyo ni zaidi ya miaka 150 kabla ya Waomani kuiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa, 1698. Sanaa ilikuwepo, kilichobadilika ni mitindo na ukubwa.

Kwa macho, anza na kizingiti cha juu. Kilichonyooka, cha mstatili, ni mtindo wa zamani zaidi. Kizingiti cha nusu duara, chenye majani na maua yaliyosongamana, ni mtindo wa mwishoni mwa karne ya 19 uliobeba ladha ya India. Seyyid Barghash, sultani wa Unguja aliyewahi kupelekwa uhamishoni Bombay baada ya uasi wa 1859, alitawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kujenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883; ujenzi wa wakati wake uliipa nguvu ladha hiyo. Lakini mtindo wa zamani haukufa mpya ulipoingia. Mstatili peke yake hauthibitishi uzee, ilhali nusu duara ni dalili nzuri ya kwamba mlango si wa kabla ya enzi hizo.

Mlango wa Kigujarati ni rahisi kuutambua: mbawa zake zimegawanywa katika miraba midogo kwa papi nzito, yaani vipande virefu vya mbao, na misumari imekaa pale papi zinapokutana. Wengi waliuweka kwenye nyumba zenye duka chini. Lamu na visiwa vya jirani wana mikono yao, yenye kuchonga kwa kina kidogo na kupenda maumbo ya kijiometri kuliko majani. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa mafundi wake.

Mbao nazo hueleza. Msaji ulioletwa na majahazi kutoka India una rangi ya kahawia yenye dhahabu na mafuta ndani yake. Sehemu iliyochubuka huonekana kung'aa kidogo. Mkongo, ambao wengine huuita mbambakofi, ni mwekundu zaidi na mzito. Mfenesi huanza na umanjano, kisha hukolea. Usikate kipande ili upime. Tazama upande wa nyuma wa ubawa, ambako hakuna aliyepaka rangi.

Misumari

Hekaya ya tembo ina chanzo cha kweli. Katika ngome za India malango yalitiwa miiba mirefu ya chuma ili tembo wa vita asiweze kusukuma kwa kichwa. Lango la Dilli Darwaza la Shaniwar Wada, mjini Pune, bado linayo. Mtindo ulivuka bahari, sababu ikabaki kule. Hakuna tembo wa vita aliyewahi kupita katika vichochoro vya Unguja.

Kazi ya misumari hapa ilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya useremala: mara nyingi mistari ya misumari hufuata papi zilizo nyuma ya mlango, na shina la msumari hupenya ubao na kukunjwa upande wa pili. Tazama nyuma. Misumari ya asili inashika kitu. Ya kuongezwa baadaye imepigiliwa mbele tu na haishiki chochote. Ya pili ni heshima. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856, aliandika kwamba kadiri nyumba ilivyokuwa ndefu, lango kubwa, kufuli zito na misumari minene, ndivyo hadhi ya mwenyewe ilivyokuwa juu. Na aliitaja misumari ya chuma. Shaba inayong'arishwa leo isikufanye uamini kwamba kila mlango ulikuwa nayo tangu mwanzo. Tafuta madoa meusi ya kutu ya zamani kuzunguka tundu la msumari.

Mnyororo, samaki, yungiyungi

Sasa ndipo uende kwenye maana.

Mnyororo unaozunguka ukingo wa nje wa fremu ndio unaosemwa vibaya kuliko yote. Maelezo ya kawaida ni kwamba mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Biashara hiyo ilikuwepo, ilikuwa ya kutisha, na matajiri wengi wa mji waliipata mali yao humo. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kuthibitishwa kwa pambo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873 na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria 1897. Pima tarehe ya mlango dhidi ya miaka hiyo kabla ya kusema lolote. Kumjua nani alikuwa na watumwa kunahitaji hati za mahakama, mikataba na orodha za balozi ndogo.

Ushahidi wa wakati ule unaelekea kwingine. Burton huyo huyo anaeleza kwamba karatasi zenye aya za Kurani zilibandikwa mlangoni na maandishi yakachongwa kwenye kizingiti ili kuikinga nyumba na uchawi, na kipande cha amari, yaani kamba nene ya meli, kiasi cha yadi moja, kiliwekwa ili kuwafukuza wezi. Hapo tunaye shahidi aliyeona mambo matatu pamoja: aya, kizingiti, na amari. Mnyororo au kamba iliyochongwa kuzunguka fremu inaingia vizuri katika ulinzi huo: mstari usiokatika, unaoufunga mwanya ambao shari ingeupitia. Hatuna fundi aliyetuachia maelezo kwa maandishi, hivyo sema "yaelekea ni alama ya ulinzi", na utakuwa umesema kadiri ushahidi unavyoruhusu. Fuatilia mnyororo huo kwa kidole bila kugusa ubao. Ukikatika ghafla chini ya mwimo, fremu imekatwa.

Samaki hukaa chini kabisa ya mwimo, mara nyingi juu ya mistari ya mawimbi, na kutoka kwake huota shina linalopanda hadi juu. Magamba yake yamechongwa kwa namna ambayo wengine humwona nanasi, wengine chungu cha maua, wengine jani. Ukungu huo wa umbo haukutokea bure: nyumba ya Mwislamu ilikwepa sanamu kamili ya kiumbe hai, na fundi alimgeuza samaki kuwa pambo. Maana ya uzazi inayotajwa na kila mtembezaji ilienea kupitia makala ya F. R. Barton katika jarida la Man, 1924, aliyefananisha samaki na miungu ya kike ya Shamu ya kale, na yungiyungi na Misri ya mafarao. Ni wazo la msomi wa kigeni aliyelinganisha picha. Hakutaja fundi aliyemwambia hivyo. Mtu wa pwani aliyeishi kwa bahari alikuwa na sababu zake za karibu za kuchonga samaki na mawimbi mlangoni pake, na riziki ndiyo ya kwanza.

Yungiyungi lina njia iliyo wazi zaidi. Ni ua la usafi na baraka kwa Wahindu, Wabudha na Wajaini, linalochipuka topeni likabaki safi, na ni kiti cha Lakshmi, mungu wa kike wa neema wa Wahindu. Mafundi wa Kutch na Gujarati walilijua tangu uanagenzi, wakalichonga Bombay na wakalichonga Unguja. Kwa mteja Mwislamu lilikuwa ua zuri tu. Kwa fundi huenda lilikuwa zaidi. Mchoro mmoja unaweza kuwa na maana mbili kwa watu wawili waliosimama mbele yake. Waridi la duara, nalo, mara nyingi limepimwa kwa bikari, ndiyo maana petali sita hutokea kwa wingi: nusu kipenyo huzunguka duara mara sita kamili. Ukikuta nyota ya pembe sita usiite ya Kiyahudi moja kwa moja. Waislamu waliitumia kwa karne nyingi kwa jina la muhuri wa Suleiman.

Mitende na majani ya ubani huhusishwa na neema na mali. Maelezo hayo hayana ubaya, kwani tende na ubani vilikuwa bidhaa za majahazi ya Arabuni. Ila hakikisha kwanza kwamba unachokiona ni mtende. Majani mengi yanayoitwa mitende ni mapambo ya kawaida ya kujazia nafasi.

Alama za Kihindu na Kijaini

Kwenye nyumba za familia zenye asili ya Gujarati unaweza kuona swastika iliyopakwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango au kizingitini, hasa karibu na Divali, sikukuu yao ya taa. Ni dua ya heri, ya maelfu ya miaka, na haina uhusiano na chama cha Wanazi kilichoichukua 1920. Ya Kihindu kwa kawaida imesimama wima na ina nukta nne katika nafasi zake. Ya Wanazi ililazwa mshazari, nyeusi ndani ya duara jeupe. Ikiwa juu ya swastika kuna nukta tatu na mwezi mwandamo, familia ni ya Kijaini. Mshono wa majani ya mwembe uliotungwa juu ya mlango, na nyayo ndogo zinazoelekea ndani, ni za kumkaribisha Lakshmi. Rangi hizi hupakwa upya kila mwaka, kwa hiyo hazielezi umri wa mlango. Zinaeleza nani anaishi hapo sasa.

Uliohamishwa na ulioigizwa

Milango iliuzwa, ilirithiwa na ilihamishwa. Tarehe iliyo juu ya kizingiti ni ya mlango, si ya nyumba. Pima pengo kati ya fremu na ukuta: chokaa ya zamani ikiwa imekaa sawasawa pande zote ni dalili njema, na saruji ya kijivu upande mmoja ni ya wasiwasi. Samaki aliyepoteza mkia, mawimbi yaliyokosekana chini, au miimo miwili yenye urefu usiolingana vyote huonyesha kwamba fremu ilipunguzwa iingie mahali pengine, au kwamba sehemu ya chini iliyoliwa na mchwa ilikatwa.

Kwa mlango mpya unaouzwa kama wa kale, hesabu petali za mawaridi yaliyo kwenye miimo yote miwili na upime vipenyo vyake. Mkono wa mtu hupishana kwa milimita chache, na petali moja huwa nene kuliko mwenzake. Mawaridi yote yakilingana kabisa, na pembe za ndani za mchongo zikiwa za mviringo badala ya kuchongoka, mashine imefanya kazi. Skrubu zenye msalaba kichwani, na rangi ya kahawia iliyojaa hata ndani ya nyufa mpya, humaliza mashaka.

Namna ya kuandika ulichoona

Katika daftari gawa ukurasa sehemu tatu: kilichoandikwa mlangoni, kinachoonekana, na kinachosimuliwa pamoja na nani aliyesimulia. Piga picha ya mlango mzima ukiwa umesimama mbele yake moja kwa moja, kisha kizingiti cha juu, kila mwimo, mfaa, chini ya miimo, msumari mmoja kwa karibu, na nyuma ya ubawa ukiruhusiwa. Andika upana na kimo cha uwazi pamoja na upana wa mwimo. Nakili maandishi herufi kwa herufi hata usipoyaelewa, kisha mpelekee mwalimu wa madrasa au msomaji wa hati za zamani pamoja na picha zote mbili za tochi.

Tarehe ina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa upande wa Tanzania Bara, inaitaja milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940 kuwa ni vitu vinavyolindwa, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Mji Mkongwe wa Unguja, ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, una mamlaka yake ya hifadhi, na Lamu, iliyoorodheshwa 2001, iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwenye nyumba anayetaka kubadilisha ubawa uliooza aanzie huko, akiwa na picha na vipimo, kabla fundi hajatia msumeno.